Mwaka Tulioapa Kutowaambia Wanawake

Tulitambuana kwa namna tulivyochuchumaa. Watu wengine waliokuja kumzika Mzee Chumo, kule juu ya Elburgon ambako ukungu hauondoki hadi karibu saa sita, walisubiri chakula wakiwa wamesimama au wameketi kwenye viti vya plastiki vya kanisa. Sisi tulikuwa nyuma ya hema, kando ya ukuta wa mbao, tumechuchumaa mstari mmoja, mikono juu ya magoti, na hakuna aliyetuambia tukae hivyo. Nilihesabu vichwa. Nikahesabu tena, kwa sababu hesabu ya kwanza huwa ni ya kujipendelea. Wanne. Zamani, mwaka mmoja mzima, sisi wanne tulihesabiwa namna ile ile asubuhi na jioni katika jela pale Nakuru, na marehemu alikuwa wa tano wetu. Kevo, ambaye wakati ule alikuwa kijana mwembamba wa mitaa ya Nakuru na leo ana tumbo la mtu mwenye duka, alinong'ona, "Buda, magoti yangu yanalia." Nikamwambia asimame basi. "Siwezi," akasema. "Afande hajasema."

Ndipo mjane wa Mzee Chumo akatoka jikoni. Sote tulimwita Gogo, kama wajukuu wake. Macho yake yana maji siku zote, msiba uwepo usiwepo, na huyafuta kwa ncha ya leso bila hata kujua kwamba anayafuta. Alisimama mbele yetu akatuangalia mmoja mmoja. "Ni nani kati yenu alivunja kile kiapo?" Wenzangu walininyooshea vidole upesi, wote watatu, kwa uaminifu ule ule waliokuwa nao jela. Gogo akasema, "Kuja." Nilimfuata hadi mlango wa jiko, na huko nitafika. Lakini kwanza lazima nieleze kiapo, maana mtu akisikia tu kwamba nilivunja kiapo cha wanaume anaweza kunihukumu, na mimi hukumu yangu nilishaimaliza.

Nilifungwa kwa sababu ya lori la viazi ambalo mwenye viazi alikuwa hajakubali kuuza. Mengine yako kwenye faili la mahakama. Nilikuwa dalali Molo, na sijisifu nikisema nilikuwa najulikana kuanzia kituo cha malori hadi mashamba ya kule juu kwenye baridi. Siku hizo viazi viliuzwa kwa gunia, na gunia la dalali lilikuwa na kilemba: ulijaza mpaka mdomoni, kisha ukashonea wavu juu yake ukaendelea kujaza mpaka gunia likawa na kichwa kama cha mtu wa dhehebu la wavaa vilemba. Mkulima alilipwa gunia moja. Kilemba kilikuwa ni heshima. Mimi nilikuwa fundi wa heshima hiyo, na niliamini kwamba mwanaume ni yule anayeweza kumtazama mkulima machoni huku kilemba kikiendelea kupanda.

Katika miezi yangu ya kwanza ndani, mke wangu, Mama Shiru, alikuja kuniona. Shiru ni binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tatu na bado alikuwa ananiamini. Mahali pa kuonana palikuwa na wavu katikati, na watu wa pande zote mbili walikuwa wanaongea kwa pamoja, hivyo ilibidi uyachambue maneno ya mtu wako kutoka kwa ya wengine, kama mtu anayechagua mawe kwenye maharagwe. Mama Shiru alikuwa amevaa koti langu la mvua. Alikuwa amevaa buti zangu. Penseli ilikuwa imechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa. Nilipoona ile penseli nikajua kuna jambo.

"Baba Shiru, niko kwa kile kibanda chako," akasema. "Niko na mizani."

"Mizani ya nini? Viazi ni gunia."

"Vyangu ni kilo. Wakulima wote wamehamia kwangu. Hawataki kilemba."

Mwanaume wa jirani yangu, aliyekuwa anaongea na dada yake kuhusu ng'ombe, alinyamaza ili asikie vizuri.

"Nakujua," akaendelea. "Ukitoka, kitu cha kwanza utataka ni kiti changu. Utaniambia asante, sasa rudi nyumbani. Nimesikia hapa kuna darasa la wanaume, la kufundisha watu waache kuwa vile walikuwa. Ingia. Siku ya familia nitakuja na Shiru, na nitakuuliza swali moja tu: mnafundishwa nini humo ndani. Ukinijibu kitu nielewe, utarudi Molo. Ukinizungusha, nguo zako nitakuachia kwa lango siku ile unatoka, na usinitafute."

Nilijaribu kupunguza masharti. Niliuliza kama ninaweza kujibu kwa barua, kama siku ya familia inaweza kusogezwa, kama swali linaweza kuwa lingine. Aliniangalia vile wakulima walivyoniangalia siku zote, na mara moja nikaelewa vile inavyokuwa kukaa upande ule. Kengele ikalia. Akaondoka na buti zangu.

Kwa hiyo niliingia darasani kwa sababu mbili. Ya pili ni kwamba darasa lile lilikuwa na chai ya maziwa. Sitaki mtu adharau sababu ya pili. Chakula chetu kilikuwa uji asubuhi, kisha ugali na sukuma, kisha ugali na maharagwe, na chai ya maziwa ilikuwa kitu cha kuota. Tulikutana katika stoo ya karakana ya useremala, chumba kirefu kilichonuka vanishi mpaka kichwa kikawa chepesi, na tulikaa kwenye makochi ambayo hayajawekwa sponji, mbao tupu zenye umbo la starehe. Nimekaa kwenye makochi mengi tangu siku hizo, mazuri, ya watu wa pesa, na kila nikizama ndani yake huwa nahisi kwamba naingia mahali ambapo nitaulizwa swali.

Mwalimu alikuwa Madam Nekesa, muuguzi aliyestaafu, mwanamke mfupi mwenye sweta ya kijani na mkoba ambao hakuuweka chini hata siku moja. Siku ya kwanza aliuliza, "Nani alikuambia wewe ni mwanaume?" Akangoja. Kevo akainua mkono. "Madam, mimi niliambiwa na makanga wa Nakuru. Walinitoa nje nishike mlango wa gari hadi Gilgil na sikuanguka." Watu wakacheka. Mimi nikasema niliambiwa siku ya kutahiriwa katika zahanati ya misheni, nikaonywa nisilie kwa sababu nesi alikuwa msichana wa jirani yetu. Wakacheka tena. Kisha Madam akamgeukia mzee aliyekaa mwisho kabisa wa kochi refu, mgongo umenyooka, kofia ya jela ameishika magotini kana kwamba ni ya kikao cha wazee. Huyo ndiye alikuwa Mzee Chumo. Alifungwa kwa ugomvi wa mpaka wa shamba na ndugu yake, na katika maisha yake ya nje alikuwa mmoja wa wale wanaokaa na vijana porini baada ya kutahiriwa na kuwafundisha utu uzima.

"Hilo haliulizwi na mwanamke," akasema.

Hakuna aliyecheka. Madam alivuta mkoba wake karibu. "Sawa, Mzee. Basi nifundishe yale sitakiwi kuuliza, nisiyaulize." Mzee akaigeuza kofia magotini. "Endelea tu," akasema. "Nimekuja kuona."

Kwa wiki nyingi hatukumpa Madam kitu. Tulimjibu vile mtu anavyomjibu polisi: kwa adabu, na bila faida. Alituambia kila mmoja achore boma lake kwa chaki sakafuni, kisha atie alama mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Mimi nilichora kibanda cha Molo na nyumba yetu, nikasema nimekanyaga kote, kisha nikakumbuka nyuma ya nyumba, mahali Mama Shiru anafulia, nikatia alama ndogo. Mzee Chumo alichora boma zuri kuliko letu sote, na zizi, na ghala, na mti wa mlangoni, na jiko la duara lililosimama peke yake. Ndani ya lile duara hakuweka chochote.

"Hapa siendi," akasema.

"Kuna nini ndani, Mzee?"

"Moto."

"Na nini kingine?"

Akaangalia chaki mkononi. "Mama," akasema, akimaanisha mke wake. "Na yeye yuko."

Tatizo likaja kwamba siku iliyofuata mtu mmoja, ambaye simtaji, alisimulia habari za lile duara mbele ya watu kwenye foleni ya uji, na watu wakamcheka mzee. Mzee hakugombana. Alisubiri Jumapili mchana, baada ya kuhesabiwa, wakati wadi inakuwa na uvivu wa kanisa, akatuita sisi wa darasa kwenye kona. Alikuwa na mwiko. Namna alivyoutoa jikoni sijui hadi leo, kwa sababu mwiko wa ugali wa jela ni mrefu kama kasia na hauingii kwenye shati. "Darasa la wanaume bila kiapo ni soko," akasema. "Vijana wangu porini hawasemi ya porini. Ndiyo maana porini wanasema ukweli." Akatuambia kila mtu aweke mkono kwenye mwiko. Maneno yalikuwa mafupi: ya chumba kile yanabaki chumba kile, mwanaume wa nje hatayasikia, na mwanamke hatayasikia kabisa.

Nilifikiria ule wavu na ile penseli. "Mzee," nikasema, "na kama bibi akiuliza kidogo?"

"Kidogo cha nini?"

"Juu juu tu. Ningeomba tuweke nafasi hapo."

"Kiapo hakina bei, Dalali. Weka mkono."

Niliweka mkono. Nasema hivi nikiwa mtu ambaye amejadiliana na madereva, wakulima, askari wa kaunti na mama mkwe: ndiyo mara ya pekee nilinunua kitu kwa bei ya kwanza. Na tukiwa tumesimama pale, mikono imerundikana kwenye mwiko kama watoto wa shule wanavyoshika bendera, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba yale tunayoapa kuwaficha wanawake tunafundishwa na mwanamke. Tulilichukua darasa la kutufungua midomo tukaligeuza jando. Hatukujua namna nyingine ya kuwa wanaume chumbani pamoja.

Lakini kiapo kilifanya kazi, na hilo ndilo linanisumbua kulieleza hadi leo. Baada ya mwiko watu walianza kusema. Kevo alisema mambo ambayo yalimfanya Madam atoe leso kwenye mkoba, siyataji, niliapa. Mwingine alisimulia kuhusu baba yake mpaka chai ikapoa na hakuna aliyegusa mkate. Madam alidhani ni ufundi wake, akatulia, akaanza hata kuuweka ule mkoba kwenye kochi. Mzee Chumo mwenyewe alisema siku moja tu, sentensi chache, wiki ile aliporudi kutoka zamu ya jikoni. Alichosema nitakishikilia kwanza.

Yangu ninaweza kuyasema. Niliyasema siku ya mvua, maji yakigonga mabati mpaka ikabidi niongeze sauti, na si rahisi kukiri hofu kwa sauti kubwa. Nilisema naogopa kutoka. Dereva mmoja wa lori, ambaye aliletwa ndani kwa kosa la barabarani, aliniambia kwamba kule Molo siku hizi Mama Shiru anaitwa Boss, na kwamba malori yanapanga foleni kwake hata siku ya baridi kali, na hakuna mtu anayeuliza mimi niko wapi. Nilisema naogopa kwamba ameiweza kazi yangu kuliko mimi. Nilitazamia kicheko, nilikuwa hata nimeandaa cha kurudisha. Mzee Chumo akasema tu, "Endelea." Na Madam akauliza, "Unaogopa kwamba ameiweza, au unaogopa kwamba watu wameona ameiweza?" Nilihesabu hayo mambo nikadhani ni moja. Nikahesabu tena, yakawa mawili. Nikasema ni la pili.

Siku ya familia ilikuja na jua. Uwanja uliwekwa hema, spika zikaletwa, na sisi tukavaa zile sare zetu za mistari, kunguru tunavyoziita, zilizofuliwa mpaka mistari ikaonekana kama imechorwa upya. Tulipakua chakula wenyewe: wali, kabichi, vipande vya nyama ambavyo tuliwawekea wageni vikubwa na sisi tukabaki na mchuzi. Shiru alikuja akiwa na soksi nyeupe, akakaa magotini pangu akaanza kuhesabu mistari ya shati langu, na nilipomwona anarudia kuanzia juu nikajua huyu ni wangu. Mama Shiru alikuwa na koti lile lile. Hakuuliza mara moja. Alikula kwanza, kama mtu anayeacha mzigo ushushwe ndipo apime.

Madam Nekesa alikuwa anapita benchi kwa benchi, amefurahi, anawasalimu wake na mama za watu. "Wamewaambia tunajifunza nini?" aliuliza benchi la kwanza. Wanawake wakatazamana. "Hapana, Madam. Anasema ni mambo ya wanaume." Benchi la pili, hivyo hivyo. Alipofika kwa Gogo, ambaye alikuwa ameketi na Mzee Chumo bila neno kati yao, sahani mbili safi mbele yao, Gogo akasema, "Nimeuliza. Ameniambia chakula ni kizuri." Madam akamgeukia Kevo, ambaye hajawahi kujua kunyamaza. "Kevo, kuna nini hapa?"

"Madam, tulikula kiapo," Kevo akasema. "Mwanamke asisikie."

"Asisikie nini?"

"Ile maneno unatufundisha."

Madam Nekesa alikaa kwenye kreti ya soda. "Na mimi ni nani?"

Kevo akafikiria kwa bidii. "Wewe si mwanamke, Madam. Wewe ni mwalimu."

Wanawake wa benchi lile walianza kucheka, taratibu, kisha wakashindwa kujizuia, na wanaume tukaangalia chini kila mtu kwenye mchuzi wake. Mzee Chumo hakuangalia chini. Aliangalia mbele, mgongo umenyooka. Hapo ndipo Mama Shiru akaweka sahani kando. "Baba Shiru. Ni zamu yangu. Mnafundishwa nini humo ndani?"

Mzee Chumo alikuwa benchi la pili kutoka kwetu. Alikuwa anasikia, na alijua najua anasikia. Mimi na yeye tulitoka pande ambazo kuna miaka watu wetu hawakukopeshana chumvi, na katika mwaka ule nilikuwa nimefika mahali pa kumgawia sabuni yangu bila kungoja anirudishie. Kuvunja mwiko wake mbele yake, mbele ya mke wake, halikuwa jambo dogo. Upande mwingine kulikuwa na nguo zangu kwenye lango, na Shiru bado yuko kwenye mstari wa katikati wa shati. Kama ningejibu juu juu, Mama Shiru angejua. Amelala na dalali miaka mingi, anajua bei ya uongo.

"Ya wengine siwezi kukuambia," nikasema, na nikasema kwa sauti ya soko ili isibaki siri kwa mtu yeyote. "Niliapa. Lakini yangu nilienda nayo mimi mwenyewe, hakuna aliyenipa. Nilisema kwamba naogopa kurudi, kwa sababu wewe unajua ile kazi kuliko mimi na Molo yote imeona."

Kevo alisema polepole, "Ala."

Mama Shiru hakutabasamu. "Ulisema hivyo mbele ya wanaume?"

"Mbele ya hawa hawa."

"Na nani atakaa kwa mizani?"

"Wewe."

"Na wewe?"

"Nitabeba magunia. Nitashona. Bila kilemba."

"Utabeba mpaka lini?" Alikuwa amechomoa penseli kichwani bila kujua.

"Mpaka mgongo ukatae."

"Mgongo wako unakataa haraka, nakumbuka. Utabeba msimu wa mvua wote na wa kiangazi. Ukitaka kuongea na mkulima, unaniuliza."

"Mmoja mmoja? Hata wale marafiki zangu?"

"Hasa hao."

Tulijadiliana mpaka soda zikaisha. Nilipata haki ya kuongea na madereva, na Jumapili ya kupumzika. Nilipoteza mengine yote. Nilimwona Madam Nekesa amekaa kwenye kreti yake, mkoba chini kwenye nyasi, anatusikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Nilipogeuka, Mzee Chumo alikuwa ameshasimama, ameshamuaga Gogo, anarudi wadi peke yake.

Hakunisemesha tena. Si kwa hasira. Alinipisha kwenye foleni ya uji, alinipokea sabuni yangu kwa mikono miwili, lakini maneno hapana. Darasani aliendelea kuja na kuketi mwisho wa kochi. Miezi ikaisha hivyo. Asubuhi ya kutoka kwangu nilikuwa nimeshavaa nguo za raia, ambazo zilikuwa zimenipwaya, na nimechuchumaa mara ya mwisho nikisubiri afande aite jina. Mzee akaja akachuchumaa kando yangu.

"Siku ile ulisema yako tu?"

"Yangu tu, Mzee."

"Ya wengine?"

"Yamebaki chumbani."

Akaangalia lango. "Basi hukuvunja," akasema. "Ulipata punguzo." Ndilo neno la mwisho aliniambia, na kwa kuwa yeye ndiye alisema kiapo hakina bei, nalihesabu kuwa biashara bora niliyowahi kufanya. Nje ya lango Mama Shiru alikuwa amesimama. Hakuwa na fuko la nguo. Alikuwa na buti mpya, saizi yangu. Zile zangu za zamani alikuwa bado amezivaa.

Ameketi kwa mizani hadi leo. Mimi nilibeba mpaka mgongo ukakataa, mapema kuliko nilivyoahidi, na siku hizi nashona magunia na kuongea na madereva. Watu wakinitania kwamba nimeajiriwa na bibi yangu, nawaambia ndiyo, na kwamba mwajiri ni mkali.

Sasa nirudi Elburgon, kwenye mlango wa jiko. Gogo aliniingiza ndani, akaniketisha kwenye kigoda, na kukawa na moshi mzito kiasi kwamba nilimwona kwa vipande. Alisema, "Alipotoka jela alianza kuingia hapa. Kila asubuhi, watu wakiwa bado wamelala. Anawasha moto, anachemsha chai, anatoka kabla jirani hajamwona. Miaka yote mpaka alipougua. Nikimuuliza anasema ni baridi tu. Nikadhani jela ilimtia baridi kwa mifupa." Akafuta macho. "Wewe ulikuwa naye. Alisema nini huko?"

Hapo ndipo lile nililoshikilia likaniwia zito. Yangu nilikuwa nimeuza zamani. Hili lilikuwa lake, na mwenye mwiko alikuwa ndani ya udongo tangu saa nne asubuhi. Nilisimama nikaenda mlangoni. Wenzangu walikuwa bado wamechuchumaa kando ya ukuta. "Anauliza ya mzee," nikawaambia. "Ile ya jikoni."

Kevo aliangalia wawili wale, wakamwangalia, na kila mmoja akaitikia kwa kichwa. "Mwambie, buda," Kevo akasema. "Huyo si wa nje."

Nikarudi kwenye kigoda. Nikamwambia Gogo kwamba wiki ile Mzee alipopangiwa zamu katika jiko la jela, moshi ulimwingia machoni akashindwa kuona mlango. Alirudi darasani macho mekundu akasema: mimi nimekula kutoka kwa moto wa mama maisha yangu yote, na leo ndiyo nimejua macho yake yaliharibikia wapi. Akaendelea: nilikuwa nikidhani ni machozi, nikawa namkemea aache kulia lia. Ndivyo alivyosema, hakuongeza. Madam alimuuliza atafanya nini, akasema mwanaume hasemi, anafanya.

Moto ulikuwa umelala, Gogo akainama akaupuliza mara moja, ukaamka. "Hakujua kupuliza," akasema. "Alikuwa anapuliza majivu yote yanamrudia usoni, anakohoa. Mimi niko macho, namsikia kutoka kitandani. Kila siku. Nikajifanya nimelala ili asiaibike." Akacheka kidogo. "Na chai yake ilikuwa sukari tupu. Nilimaliza kikombe."

Kisha akachungulia nje ya mlango, akawaona wale watatu kando ya ukuta, magoti juu, wanangoja. "Hao wengine wanafanya nini pale? Waingie. Kuna watu hema nzima hawajapata chai." Kevo alisimama kwa shida, wenzake nyuma yake, wakainamisha vichwa wakapita mlango mfupi, mmoja akashika sufuria, mwingine kuni. Mama Shiru, aliyekuwa amekuja nami na ambaye hawezi kuona kazi bila kuipima, akaita kutoka upande wa hema, "Baba Shiru, nihesabie vikombe."

Nikahesabu. Macho yalikuwa yamejaa moshi, nikahesabu tena.